JIKO LA PIPA LA KUBANIKIA NYAMA: TUCHAGUE LIPI, TULIWEKE WAPI?

Katika ukurasa wetu wa afya wa mwezi huu tunapenda kuzungumzia chombo ambacho kinaonekana zaidi na zaidi katika nyua zetu, hasa nyakati za sherehe. Nacho ni jiko la mkaa la kusimama, lililotengenezwa kwa pipa, ambalo nyama hubanikwa ndani yake polepole kwa joto na moshi. Ukipita Tukuyu mjini, Kiwira au Ushirika, hutakosa kumwona fundi bati au fundi wa kuchomelea aliyeliweka moja mbele ya kibanda chake. Komunio ya kwanza, kipaimara, harusi, Noeli na Pasaka: kila mara kuna mbuzi au nguruwe, na kila mara kuna mtu anayeuliza ni jiko gani linafaa.

Wengine watashangaa: jiko lina uhusiano gani na afya? Tunajibu kwamba lina uhusiano mkubwa. Jiko baya huharibu nyama, huchoma watoto, na likiwekwa mahali pasipofaa huweza kuua familia nzima usingizini. Kwa hiyo, kabla ya kufungua mkoba wako, tafadhali soma kwanza.

JIKO HILI HUFANYAJE KAZI?

Kubanika si jambo geni kwetu. Wazee wetu walitundika nyama na samaki juu ya mafiga, na moshi wa kuni ukavikausha siku kwa siku. Ndugu zetu wa Kyela na Matema hubanika samaki wa Ziwa Nyasa mpaka leo. Kilichobadilika ni chombo tu.

Jiko la kusimama lina sehemu nne. Chini kabisa kuna chombo cha mkaa, pamoja na matundu ya kuingizia hewa. Juu ya mkaa kuna karai la maji. Juu ya karai kuna nyavu mbili au tatu za kuwekea nyama. Na juu kabisa kuna mfuniko wenye tundu au bomba la kutolea moshi. Mlango mmoja au miwili huwekwa ubavuni.

Kanuni yake ni rahisi. Moto hula hewa. Ukiruhusu hewa nyingi, mkaa huwaka kwa nguvu. Ukiipunguza, mkaa hupoa. Mwenye jiko zuri huendesha joto kwa kufungua na kuziba matundu ya chini, kama mtu anavyofungua na kufunga bomba la maji. Kwa kubanika polepole, joto linalotakiwa ndani ni kati ya nyuzi 100 na 130 za sentigredi. Lakini kama jiko linavuja kila pembe, hewa huingia inapotaka, moto humshinda mwenye jiko, mafuta huungua, na nyama hutoka nyeusi nje na mbichi ndani.

Mafundi wa Afrika wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Katika kijiji cha Chorkor, karibu na Accra nchini Ghana, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulibuniwa mtambo wa kubanikia samaki wenye trei zinazopangwa moja juu ya nyingine. Moshi mmoja na moto mmoja vilitosha kwa trei nyingi, na kuni zikapungua. Baadaye, mwaka 2008, huko Senegali, mtambo huo uliboreshwa kwa kuongezewa sinia la kukingia mafuta ili yasidondokee kwenye moto. Sababu ya sinia hilo tutaieleza hapa chini, kwa kuwa ndiyo kiini cha afya katika jambo hili.

MAMBO MANANE YA KUANGALIA KABLA YA KULIPA

1. Pipa lilibeba nini? Hili ndilo swali la kwanza. Wilaya yetu ni ya chai, kahawa, viazi na parachichi, na mashamba hayo hutumia dawa. Pipa lililobeba dawa ya wadudu, rangi, au kemikali usiyoijua halifai kabisa, hata likioshwa mara kumi. Sisi wenyewe tuliwahi kudanganyika. Tulinunua jiko lililopakwa rangi nyeusi ya kupendeza. Tulipoliwasha mara ya kwanza, rangi ikababuka na harufu kali ikaenea ua mzima. Fundi tulipombana alikiri kwamba hakujua pipa lilitoka wapi. Fedha yetu ikapotea, lakini afadhali fedha kuliko ini. Chagua pipa lililobeba mafuta ya kula au chakula kingine, au bora zaidi jiko lililochomelewa kwa bati jipya jeusi. Hata pipa la mafuta ya kula lichomwe kwanza kwa moto mkali wa kuni, bila nyama, mpaka rangi yote ya ndani iishe, kisha lisuguliwe na kuoshwa.

2. Lisiwe bati jeupe. Bati la kuezekea nyumba limepakwa madini ya zinki. Likipata moto mkali, hutoa mvuke unaosababisha homa, kutetemeka na kifua kubana. Vivyo hivyo nyavu za dirisha na waya wa uzio. Wavu wa nyama uwe wa nondo nyembamba au wa chuma kisichoshika kutu.

3. Unene. Bati la pipa la kawaida la lita 200 ni jembamba. Kwa sehemu zenye joto linatosha, lakini kwetu Tukuyu upepo na manyunyu hulipoza upesi, nawe utaongeza mkaa kila mara. Bati la unene wa milimita 2 au 3 hutunza joto na hudumu miaka mingi. Gonga kwa kidole: jembamba hulia kama debe, nene hutoa sauti nzito. Kama uwezo ni wa pipa tu, basi angalau chombo cha mkaa kiwe cha chuma kinene, kwa maana huko ndiko kunakotoboka kwanza.

4. Mlango na mfuniko. Chukua kipande cha karatasi, kiweke kwenye ukingo wa mlango, funga, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa popote, mlango haukazi. Rudia pande zote nne. Bawaba ziwe imara na komeo lishike vizuri.

5. Jaribio la moshi. Mwombe fundi awashe mkaa kidogo, atupie majani mabichi, kisha afunge kila kitu isipokuwa tundu la juu. Sasa simama utazame. Moshi ukitoka juu peke yake, fundi huyo anajua kazi. Ukitoka kwenye maungio, mlangoni na chini, mwambie arekebishe kwanza. Fundi anayekataa jaribio hili, mwage kwa amani uende kwa mwingine.

6. Matundu ya hewa. Yawe angalau mawili chini, yenye vifuniko vinavyoteleza na ambavyo mtu anaweza kuvishika bila kuungua. Tundu la juu nalo lisiwe dogo mno, na lisizibwe kabisa nyama ikiwa ndani.

7. Nafasi kati ya mkaa na nyama. Wavu wa kwanza uwe juu ya mkaa kwa karibu dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Kati yake liwepo karai la maji. Jiko lisilo na nafasi ya karai ni jiko la kuchomea tu, si la kubanikia.

8. Miguu. Jiko la kusimama ni refu na zito juu. Lisukume kwa mkono mmoja. Likiyumba, litamwangukia mtoto. Miguu iwe mitatu au minne, iliyotanuka nje kuliko pipa lenyewe. Vishikio viwe vya mti, au vifungwe kitu kisichopitisha joto.

KWA NINI MAFUTA YASIDONDOKEE KWENYE MKAA?

Mafuta ya nyama yakidondokea kwenye mkaa mwekundu, huungua na kutoa moshi mzito. Moshi huo hubeba chembechembe zenye sumu ambazo huganda juu ya nyama, na ambazo zikizidi mwilini kwa miaka mingi huweza kusababisha saratani. Karai la maji hukinga mafuta hayo, na maji yake husaidia joto lisipande mno. Kwa hiyo karai si pambo. Maji yakipungua, ongeza.

Tuseme pia ukweli wote. Mwezi Oktoba 2015, kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kilitangaza kwamba nyama zilizosindikwa, zikiwemo soseji na nyama za kukaushwa kwa moshi, zikiliwa kwa wingi huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Maana yake si kwamba kipande cha mbuzi siku ya harusi kitakuua. Maana yake ni kwamba nyama ya moshi isiwe chakula cha kila siku. Iwe ya sherehe, na iliwe pamoja na mboga nyingi, ndizi, maharage na matunda, ambavyo kwetu havikosekani. Sehemu iliyoungua ikawa mkaa, kata utupe.

MKAA GANI, NA KUNI GANI?

Mkaa uwe mkavu na wa mti mgumu. Usiwashe kwa mafuta ya taa, kipande cha plastiki, mpira wa ndala au tairi. Tabia hii imeenea, nasi tunaikemea, kwa sababu sumu yake huingia moja kwa moja katika nyama na katika mapafu ya mwashaji, ambaye mara nyingi ni mama au binti. Tumia maganda ya mahindi au vijiti vikavu. Subiri mpaka mkaa uive na kushika majivu ya kijivu juu yake; hapo ndipo uweke nyama.

Kwa ajili ya harufu nzuri, ongeza vipande vichache tu vya kuni kavu: mpera, mparachichi, mwembe, au visiki vya mikahawa iliyokatwa shambani. Usitumie msindano wala mti mwingine wenye utomvu, kwa kuwa hutoa masizi mengi. Na mbao zilizopakwa rangi, nguzo zilizotiwa dawa, na mbao za kubandika kwa gundi ni mwiko.

Moshi mzuri ni mwembamba na hauumizi macho sana. Moshi mzito mweupe au wa manjano ni dalili kwamba moto umekosa hewa au kuni ni mbichi. Fungua matundu.

NYAMA YA NGURUWE: TUWE MACHO

Nyama inayobanikwa polepole huweza kupendeza nje huku ndani haijaiva. Kwa nguruwe, hilo ni hatari kubwa. Hapa Nyanda za Juu Kusini kuna ugonjwa wa tegu wa nguruwe. Nyama yenye malengelenge madogo meupe, mfano wa punje za mchele, ikiliwa bila kuiva humpa mtu tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mtu huyo, na yakiingia kinywani kwa mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa, viluwiluwi vyake huweza kufika hata kwenye ubongo na kuleta kifafa. Wangapi wamesingiziwa kulogwa, kumbe chanzo ni tegu!

Basi, nunua nyama iliyokaguliwa na kupigwa mhuri. Ukiona malengelenge, usinunue, na mwarifu bwana afya. Kata vipande visivyozidi unene wa vidole vitatu. Kabla ya kuwagawia wageni, pasua kipande kikubwa kuliko vyote katikati: maji yake yawe meupe, wala pasiwe na wekundu. Mwenye kipimajoto cha nyama ahakikishe kwamba katikati pamefika nyuzi 75, kwa nguruwe na kwa kuku pia.

Tena, tusidhani kwamba nyama iliyopata moshi haiozi. Nyama iliyobaki laini na yenye maji huharibika kama nyama nyingine. Iliwe siku ileile au iwekwe kwenye jokofu. Inayodumu ni ile tu iliyotiwa chumvi na kukauka kabisa mpaka ikakakamaa.

HATARI ISIYOONEKANA

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii. Sisi wa Rungwe tunaifahamu hewa ya ukaa, ile inayochimbwa ardhini upande wa Kyejo na kutumika viwandani, kwa mfano katika kutia mapovu kwenye soda. Mkaa hutoa hewa hiyo, lakini hutoa pia ndugu yake aliye mbaya zaidi: kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kushikamana na chembechembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inajaa sumu badala ya oksijeni, na ubongo na moyo hukosa chakula chao.

Mkaa uliobaniwa hewa hutoa sumu hii kwa wingi zaidi kuliko mkaa unaowaka wazi. Na jiko la kubanikia kazi yake ni hiyohiyo, kubania mkaa hewa! Kwa hiyo jiko zuri kuliko yote, lililopita majaribio yote manane, bado ni la kuua likiwa ndani ya nyumba.

Tunajua majaribu ya Tukuyu. Wilaya yetu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Nyama iko motoni, wageni wako njiani, mara mawingu yanashuka kutoka Mlima Rungwe na mvua inamwagika. Mtu anasema: "Tuliingize stoo," au "Tuliweke barazani tufunge turubai." Hapana. Tengeneza mapema kibanda cha bati kisicho na kuta, cha juu, kilicho hatua kadhaa kutoka madirisha ya nyumba na mbali na jiko la mianzi au paa la nyasi. Nguzo nne na mabati matatu ni gharama ndogo kuliko jeneza moja.

Jaribu la pili huja usiku. Sherehe imekwisha, ni mwezi Juni au Julai, baridi inauma, na chini ya pipa kuna makaa mekundu mazuri. Mama anawahurumia watoto, anayateka kwenye karai na kuyaingiza chumbani. Hatoi moshi, watu wanasema, kwa hiyo ni salama. Ndugu zetu, makaa yasiyotoa moshi ndiyo yenye hila. Watu hulala kwa raha, na sumu huwazidia bila kuamka. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Tumia blanketi la pili, soksi, na uji wa moto kabla ya kulala. Makaa yabaki nje.

Na majivu je? Makaa hujificha ndani ya majivu hata siku nzima. Yamwagie maji nje, au yafunike kwenye debe la chuma lenye mfuniko, mbali na nyumba. Yasimwagwe karibu na nyasi kavu wala ndani ya choo cha mbao.

DALILI NA MSAADA WA KWANZA

Dalili za sumu ya mkaa ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu au kutapika, mwili kulegea, kuchanganyikiwa na usingizi mzito. Wengi hudhani ni malaria, chakula kibaya au pombe. Jiulize: je, wanaumwa watu kadhaa wa chumba kimoja kwa wakati mmoja? Je, wanapata nafuu wakitoka nje? Je, kulikuwa na mkaa? Ukijibu ndiyo, fanya hivi:

(a) Fungua milango na madirisha kwanza. Usijitose ndani ukakaa. Vuta pumzi nje, ingia, mtoe mgonjwa upesi.

(b) Mweke kwenye hewa safi, legeza nguo, mfunike asipate baridi. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu.

(c) Usimnyweshe kitu aliyezimia. Maziwa hayaondoi sumu hii, ingawa wengi wanaamini hivyo. Sumu iko katika damu, haiko tumboni, na maziwa huweza kumpalia.

(d) Mpeleke hospitali bila kuchelewa, kama vile Makandana au Igogwe, na useme wazi, "Alikuwa chumbani na mkaa." Katika hewa ya kawaida, damu huhitaji saa nne hadi tano kupunguza nusu tu ya sumu. Kwa oksijeni ya hospitali ni kama saa moja au moja na nusu. Mama mjamzito apelekwe hata kama anajisikia vizuri, kwa kuwa mtoto tumboni huumia zaidi kuliko mama.

KWA KIFUPI

Ndugu msomaji, ukienda kwa fundi chukua karatasi yako, uliza historia ya pipa, sukuma, gonga, na tazama moshi unatokea wapi. Kisha, kabla hujalipeleka jiko nyumbani, amua mahali litakapokaa. Kama huna mahali pa nje penye paa, jenga hapo kwanza, jiko litafuata. Na mmoja wa wakubwa wa nyumba apewe kazi ya kuhakikisha, kila baada ya sherehe, kwamba makaa yote yamezimwa nje kabla taa haijazimwa ndani.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tunawatakia sherehe njema, nyama iliyoiva, na usingizi ambao kila mtu ataamka kutoka kwake asubuhi.